Vipindi Vinne Alivyovifuta Kajuju

Pale Nyeri mjini, ukipanda ngazi za jengo moja la rangi ya maziwa karibu na soko, utakuta duka dogo lisilo na dirisha. Ndani mna kompyuta mbili, benchi moja, na mwanamke mmoja asiyejua kungoja. Anaitwa Kajuju. Ni mtu wa Meru, lakini amekaa Nyeri miaka kumi na tisa, na kazi yake ni kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Ukifika na flashi yako hakuulizi habari za nyumbani. Anakuuliza swali moja tu: "Unataka kulia ama unataka kucheka?" Ukishajibu, dakika tano baadaye uko kwenye ngazi unashuka.

Kilichompa jina, hata hivyo, si wepesi wa mkono. Kajuju hauzi tamthilia asiyoujua mwisho wake, na mwisho huo humwambia mteja waziwazi, hata asipoombwa. "Huyu wa koti nyeusi anakufa, lakini msichana anaolewa na daktari. Beba." "Hii usibebe, mama, mtoto hapatikani." Kwingine watu wangemtukana kwa kuwaharibia uhondo. Nyeri walimpenda kwa hilo. Mtu aliyeshinda mvuani akichuma majani chai hataki kukaa juma zima na watu, awazoee, halafu apelekwe makaburini. Kwa hiyo kila kazi mpya ilipofika, Kajuju alifungua kipindi cha mwisho kwanza, akaona nani yu hai na nani amebeba mtoto, akafunga. Vya katikati angevitazama akipata nafasi, na nafasi alikuwa haipati.

Ni tamthilia moja tu ya Kikorea iliyomshinda. Ilikuwa na vipindi kumi na sita, kila kimoja saa nzima na ushee. Mwanamke anayefanya kazi ya benki jijini Seoul anachoshwa na maisha, anarudi kwenye mji mdogo wa milimani na kufungua duka la marehemu shangazi yake la kushona mablanketi ya vitambaa. Basi, habari yenyewe ndiyo hiyo. Watu wanaleta mablanketi ya zamani yaliyochanika, naye anayashona. Wakinywa supu, wanainywa mpaka bakuli liishe nawe unawatazama. Kajuju alipofungua kipindi cha mwisho kama desturi yake, alikuta mzee anamenya viazi. Dakika kumi zikapita, mzee bado yuko kwenye viazi. Kajuju akasinzia palepale kitini, na mwisho hakuujua.

Aliiuza hivyohivyo, mara mbili. Wa kwanza kuichukua alikuwa Shosho Nyawira, mkulima wa Giakanja, mama wa miaka sabini na kitu, aliyesema anataka "ya watu hawapigani." Hakurudi kulalamika, na Kajuju akajua tu kwamba hakuitazama. Wa pili alikuwa Mwalimu Ndwiga, mstaafu aliyezaliwa Kerugoya na kuhamia Nyeri kwa kazi. Huyo alirudi siku ya tatu, akaiweka flashi mezani kwa vidole viwili.

"Madam, hii ni nini umeniwekea? Saa mzima mtu anapika supu! Na hata hiyo supu sikuonjeshwa."

Kajuju alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akamwekea ya askari na majambazi. Siku hiyohiyo, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, aliamua kuipunguza ile tamthilia. Aliipitia mbiombio. Kipindi cha saba, cha nane, cha tisa na cha kumi, mvua inanyesha tu na blanketi moja lililofuliwa linangoja kukauka. Vinne vizima! Akavifuta vyote kwa mpigo mmoja, wala hakuviwaza tena hadi mwezi wa saba mwaka huu.

Mwezi wa saba wa Nyeri unajulikana. Ukungu unaukalia mji tangu asubuhi, mlima hauonekani wiki nzima, na nguo zilizoanikwa Jumatatu zinaanuliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Katika baridi hiyo Kajuju, akioga, alikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya njugu. Alijikaza siku tatu. Siku ya nne, Jumatatu, alikwenda hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimdunga sindano nene akatoa kinyama kidogo cha kupelekwa maabara, akamwambia majibu yatakuwa tayari Jumatano ya wiki ya tatu, yaani baada ya siku kumi na sita.

"Lakini wewe, daktari, ukiangalia tu hivi, unaonaje?" Kajuju aliuliza. "Inaishaje?"

"Siwezi kusema, mama. Lazima tungoje."

Sasa, ya nini kumficha msomaji? Mama yake Kajuju aliota uvimbe mahali hapohapo, kule Meru, Kajuju akiwa kidato cha pili. Krismasi ya mwaka huo walimzika. Na mwaka huu Kendi, binti yake Kajuju, mtoto wake wa pekee, yuko shule ya bweni, kidato cha pili. Kajuju aliposhuka mlima wa hospitali hakuona barabara wala watu. Alimwona Kendi akiitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Hakumwambia mtu, hata mumewe Mwirigi. Mwirigi ni fundi cherehani, chini kabisa katika jengo lilelile, na ni mtu wa polepole ajabu. Akikuambia njoo Ijumaa uchukue suruali, wenyeji watakuuliza ni Ijumaa gani. Kwa miaka kumi na tisa Kajuju amekuwa akimharakisha: Baba Kendi kunywa chai, Baba Kendi funga duka, Baba Kendi sema hiyo kitu umalize. Alijua akimwambia, Mwirigi ataifunika cherehani yake, akae amtazame kwa siku kumi na sita, naye hangeweza kuyastahimili macho hayo.

Alirudi dukani, akaketi, akatafuta kitu cha kumtoa mawazoni. Hapo ndipo alipogundua kwamba ujuzi wake mwenyewe umemgeuka. Tamthilia zote alizokuwa nazo alizijua mwisho. Katika hii mama anaanguka jikoni na kipindi kinachofuata ni mazishi. Katika ile msichana ananyolewa nywele huku mamaye akilia mlangoni. Wakorea hawa, wakikohoa tu, jua kitanda kinatandikwa. Katika kompyuta nzima ilikuwako moja tu asiyoujua mwisho wake, ile ya mablanketi. Siku kumi na sita, vipindi kumi na sita. Akafungua cha kwanza.

Siku ile ya kwanza ilimtia hasira. Mwanamke anashuka kwenye basi, anavuta sanduku lake kupanda kilima, na kilima ni kirefu, naye anakipanda chote. Kidole cha Kajuju kilikuwa juu ya kitufe cha kurusha mbele. Siku ya pili kidole kilikuwa palepale, ila hakikubonyeza. Siku ya tatu alikisahau kidole. Aligundua kwamba anaweza kuinuka, akamhudumia mteja, akajifuta machozi nyuma ya mlango, akirudi akute yule mwanamke bado anatia uzi kwenye tundu la sindano. Kitu hakikuwa kimempita. Hapakuwa na mtu wa kumzaba mwenziwe kofi, wala muziki wa kumshtua mtu moyo. Kwa saa ile moja hofu ilikaa naye kwenye benchi kimya, isimguse, na ikiisha saa ilimrukia upya, lakini angalau alikuwa ameipata saa.

Hata Mwirigi, alipopanda na chupa ya chai saa saba, alisimama mlangoni akatazama.

"Huyo anajua kushona," alisema baada ya kitambo. "Ona vile anavuta uzi. Pole."

"Mm," Kajuju alijibu. Mwirigi akamtazama kidogo. Alikuwa amezoea kuambiwa aweke chupa aende.

"Mama Kendi, uko sawa?"

"Niko sawa."

Katika kipindi cha sita, mzee mmoja mjane alileta blanketi aliloshonewa na mkewe zamani. Lilikuwa limeoza pembeni, linanuka moshi. Yule mwanamke akalifua kwa mikono, akalitundika chini ya paa, na mvua ikaanza. Kipindi kikaisha. Kesho yake, Jumapili, walipotoka kanisani Kajuju alipitia dukani akatafuta cha saba. Baada ya sita palikuwa na kumi na moja. Alifungua hicho cha kumi na moja, akamkuta mzee yuleyule anacheka! Amechekeshwa na nini? Imekuwaje? Hapo ndipo alipokumbuka. Siku nne za kungoja alizozihitaji kuliko kitu chochote alikuwa amezifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilifuta episodi nne," alimwambia Mwirigi aliyekuwa akimngoja kwenye ngazi. "Ati nilionanga hakuna kitu inafanyika."

Mwirigi alicheka taratibu, kama afanyavyo mambo yake yote. "Wewe hata Kwaresima ungefuta, uende Pasaka moja kwa moja."

Nakala nzima ilikuwa mahali pamoja tu duniani kwa kadiri alivyojua yeye. Mchana huohuo alikwenda Giakanja.

Shosho Nyawira alikuwa sebuleni na maharagwe yake. Jua lilikuwa limekataa kutoka kwa wiki mbili, kwa hiyo alikuwa ameyatandaza juu ya magunia katikati ya nyumba, makochi yamesukumwa ukutani, na wageni wanapita pembeni kwa adabu. Runinga aliyonunuliwa na binti yake wa Nanyuki ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Na ile flashi ilikuwa imefungwa fundo kwenye pembe ya leso.

"Kunakili tu, Shosho, dakika kumi nakurudishia," Kajuju alimsihi.

"Hapana. Flashi haitoki hapa. Ile ingine ilitoka, ikarudi na harusi ya watu sijui." Shosho alivuta kiti. "Keti. Mimi naona moja kila siku, nikimaliza naenda kukama ng'ombe. Hii nimeona yote mara nne. Ukitaka, tunaona pamoja."

Kajuju aliduwaa. Mara nne! Na yeye aliyedhani haijatazamwa hata mara moja. Akaketi, na akaja tena Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, akifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo wateja wake walilizungumzia sana.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na Shosho hakujua kuyasoma. Kajuju alipojitolea kumtafsiria, alikatazwa.

"Ya nini? Hawa hawaongei mingi. Zile zingine wanaongea kama redio, wananiacha huko. Hii naona mikono ya mtu, najua ako na shida gani."

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kusifu tu. Alikuwa na kesi zake na Wakorea wale, na alizisema kwa sauti, akiinyooshea runinga kidole.

"Lakini ni waongo kidogo. Ona hiyo shamba ya nyuma. Imepaliliwa safi, na mara nne sijaona mtu na jembe. Nani analima? Na huyu msichana ametoka mjini juzi, anabeba kuni na hadungwi na miiba. Ati anapona kwa kuangalia milima. Mtu akikuja kwangu kupona, kwanza atachota maji."

Kajuju alicheka, kicheko cha kwanza tangu hospitali. Alikubali pia. Katika mji ule hakuna aliyekuwa na matope kwenye viatu, na hilo, kwa watu wa milimani, ni uongo mkubwa.

Basi walilitazama blanketi. Katika kipindi cha saba mvua inanyesha, mzee mjane anakuja, anashika pindo, ni bichi, anaenda zake. Katika cha nane anakuja tena, anashika pindo. Katika cha tisa anakuja na kigoda chake, anakaa chini ya blanketi, hasemi. Hakuna anayemwambia litakauka lini, kwa sababu hakuna anayejua. Kajuju alikuwa akichambua maharagwe, kwani Shosho alikuwa amemwekea ungo mapajani tangu siku ya kwanza bila kumuuliza. Mikono yake ikasimama. Machozi yakamtoka, akashindwa kuyaficha.

Shosho hakugeuka kumtazama. "Wewe uko na nini?"

"Kuna kitu nangoja, Shosho."

"Haya," alisema Shosho. Alinyoosha mkono, akageuza maharagwe yaliyokuwa karibu na mguu wake ili upande wa chini upate hewa. "Ungoje na mikono ikifanya kazi. Usisimamishe hizo."

Hakuuliza ni kitu gani, wala kesho yake hakuuliza. Kajuju aliondoka siku ya nne na kilo mbili za maharagwe yaliyochambuliwa vizuri sana, na kifua kikiwa chepesi kidogo kuliko alivyokuja nacho. Katika kipindi cha kumi jua lilikuwa limetoka, kwa dakika chache tu, na mtaa mzima ukakimbia kulitoa blanketi nje. Ndipo mzee alipoanza kucheka.

Vipindi vilivyobaki alivitazama dukani, na cha mwisho kilimwangukia Jumanne, siku moja kabla ya majibu. Mzee wa viazi akatokea. Kumbe alikuwa yuleyule mjane, anawapikia majirani kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Kajuju alimtazama akimenya dakika zote kumi, kila kiazi, na hakupepesa jicho. Angeweza kuongezewa kumi nyingine. Lakini baada ya viazi mambo yaliharibika. Bosi wa benki akaja kuomba msamaha na maua, waliogombana miaka ishirini wakakumbatiana barabarani, wawili wakachumbiana, mgonjwa akainuka. Watu waliotembea taratibu kwa vipindi kumi na vitano wakakimbizwa kama wanaochelewa basi. Kajuju alizima kompyuta kwa hasira. Tamthilia iliyomfundisha kungoja ilikuwa imeshindwa kungoja yenyewe. Na uchungu uliomkaa rohoni ni kwamba mwisho mtamu namna ile haukumsaidia kitu, maana hakuuamini.

Jumatano aliketi mbele ya daktari, mikono yake imebana mkoba. Daktari akafungua faili.

"Mama, kama unakumbuka, siku ile tulichukua sampuli, tukaipeleka maabara. Sasa huko huwa wanaangalia vitu kadhaa. Kwanza..."

"Daktari." Kajuju alimkatiza. "Nakuomba. Anza na mwisho."

Daktari aliinua macho. Akaiweka karatasi chini.

"Si saratani, mama."

Kajuju hakupiga kelele. Alishusha pumzi, na ikawa ndefu mpaka akashangaa alikuwa ameiweka wapi siku zote hizo. Daktari alimpa kitambaa cha karatasi, akangoja. Kajuju alipoweza kusema, alisema kitu ambacho hajapata kumwambia mtu yeyote maishani mwake: "Sasa rudi mwanzo, unieleze pole pole." Akaelezwa kuwa ni uvimbe wa kawaida usio na madhara, arudi baada ya miezi sita utazamwe tena. Alisikiliza kila neno, hata maneno ya kimaabara asiyoyaelewa.

Nje ukungu ulikuwa palepale na mlima hauonekani. Kajuju aliteremka akicheka peke yake, akamsalimu askari wa lango, akamsalimu mama wa ndizi, akanunua ndizi asizozihitaji. Mguu ulitaka kukimbia naye akauacha utembee.

Mwirigi alikuwa anapinda ukosi wa koti. Kajuju hakupanda kwake juu. Aliingia kwa fundi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaziweka ndizi juu ya vitambaa.

"Baba Kendi, kuna kitu nataka kukuambia. Lakini mwisho ni mzuri. Sikia hiyo kwanza. Nilipata uvimbe, hapa, kama ile ya mama. Wamepima. Sio saratani. Leo wameniambia."

Mguu wa Mwirigi ulitoka kwenye pedali. Alikaa kimya, na Kajuju, ambaye siku nyingine angemwambia sema basi, alimngoja.

"Nilijua kuna kitu," Mwirigi alisema hatimaye. "Wiki mbili mzima hukuniambia niharakishe."

Aliinuka, akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha amefunga, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na mkewe, magoti yao yakagusana. Akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Mwisho nimesikia, Mama Kendi," alisema. "Sasa nipe zile za katikati. Usifute hata moja."